Shule na Skuli: Ndugu Wawili wa Neno Moja

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza ambayo mwanafunzi huyajua mapema ni "school". Asili yake ni Ugiriki ya kale, ambako neno "skhole" lilikuwa na maana ya faragha, yaani wasaa wa mtu asiyebanwa na kazi. Kwa kuwa wasaa huo ulitumiwa kwa mazungumzo ya elimu, neno likaja kuwa jina la mafunzo yenyewe, kisha la mahali pa kufundishia. Warumi waliliazima wakasema "schola". Kwao likatoka "school" ya Waingereza na "Schule" ya Wajerumani.

Ndugu hao wawili wamekutana katika Kiswahili. Unguja na Pemba, visiwa vilivyokuwa chini ya himaya ya Uingereza tangu mwaka 1890, husema skuli. Sisi wa Bara, tuliotawaliwa kwanza na Wajerumani, twasema shule.

Milima ya Usambara yatufundisha jambo katika habari hii. Mwaka 1891 wamisionari wa Kijerumani walianzisha kituo chao Mlalo. Serikali yao nayo ilijenga boma Lushoto, ikauita mji huo Wilhelmsthal, maana yake Bonde la Wilhelm, kwa jina la mfalme wao. Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza yaliiteka Usambara. Jina la Wilhelmsthal likafutika, na mji ukabaki Lushoto. Lakini neno shule halikuondoka.

Kwa nini moja likatoweka na la pili likadumu? Jina la mji liliwekwa kwa amri, likaenda zake pamoja na mwenye amri. Neno shule lilipokelewa na wananchi wenyewe, wakalivika sarufi yao: shuleni, shule yetu, shule zetu. Hata Kenya, iliyotawaliwa na Waingereza, husema shule.

Hata hivyo, tusidhani kwamba elimu ililetwa na neno hilo. Kabla ya hapo watu wa pwani walikuwa na chuo, neno lililotaja kitabu na pia mahali pa kusomea Kurani. Na wazee wa Kishambaa waliwafunza vijana wao kazi, adabu na historia ya ukoo bila ubao wala chaki. Tumeazima neno, hatukuazima akili ya kufundishana.