Kura za Arumeru na Deni la Ardhi

Jumapili ya tarehe 1 Aprili 2012, wapiga kura wa Arumeru Mashariki walikwenda kujaza kiti cha Jeremia Sumari wa CCM, aliyefariki dunia Januari mwaka huo. CCM ilimsimamisha mwanawe, Sioi. Chadema ikamrudisha Joshua Nassari, kijana wa miaka ishirini na kitu ambaye mzee Sumari alimshinda mwaka 2010. Rais mstaafu Benjamin Mkapa alifika mwenyewe kuzindua kampeni za chama tawala. Kura zilipohesabiwa, Nassari alikuwa na 32,972 na Sioi 26,757.

Wachambuzi wengi waliona hapo upepo wa nchi nzima: mgawo wa umeme, maisha kupanda bei, tuhuma za ufisadi. Maelezo hayo yana ukweli, ila hayatoshi. Miezi sita kabla, upepo huohuo ulivuma Igunga, mkoani Tabora, na CCM ikaponea chupuchupu kwa kura 26,484 dhidi ya 23,260 za Chadema. Kwa nini Arumeru ilivuka pale Igunga ilipokwama? Sababu ziko nyingi, lakini mojawapo ni ya zamani kuliko vyama vyote viwili.

Tangu enzi za Wajerumani, ardhi nzuri inayouzunguka Mlima Meru iligawiwa walowezi, wakiwemo Makaburu waliotoka Afrika Kusini. Wameru wakabanwa mlimani, mashamba ya wageni yakiwazunguka kama pete ya chuma. Novemba 1951 serikali ya Kiingereza iliwafukuza Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi. Nyumba zilichomwa moto. Mwaka uliofuata, Kirilo Japhet alikwenda New York kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na wakili Earle Seaton. Azimio la kuwaunga mkono halikupata theluthi mbili ya kura katika Baraza Kuu. Japhet alirudi bila ardhi, lakini safari yake iliwaonyesha Watanganyika kwamba Mwingereza anaweza kushtakiwa mbele ya dunia. TANU, iliyozaliwa 1954, ilivuna katika shamba lililokwisha kulimwa.

Uhuru ulipokuja, si kila shamba la mlowezi lilirudi kwa wanakijiji. Mengine yaliingia mikononi mwa mashirika ya umma, mengine baadaye kwa wawekezaji, huku vihamba vya mlimani vikigawanywa kwa watoto na wajukuu hadi vikawa vijipande. Ndiyo maana mwaka 2012 ardhi ilirudi majukwaani. Aliyelelewa kwenye simulizi za Engare Nanyuki hakuhitaji kufafanuliwa hoja hiyo. Na chama kilichojinadi kwa urithi wa TANU kilikuwa kinaulizwa juu ya ahadi za TANU.

Tusizidishe chumvi. Waliopiga kura walikuwa chini ya nusu ya walioandikishwa, na uchaguzi mdogo husema habari za jimbo lake kwanza. Wala hisia hizo hazikuwa mali ya mgombea: Nassari mwenyewe baadaye alihamia CCM, na mwaka 2021 akateuliwa mkuu wa wilaya ya Bunda. Vijiji vilivyompigia kura vilibaki na swali lao.

Kilichofuata ndicho kinachonisumbua zaidi. Nassari alishinda tena 2015, kisha mwaka 2019 Spika akatangaza kuwa amepoteza kiti kwa kutohudhuria mikutano mitatu ya Bunge. Ukaitishwa uchaguzi mdogo mwingine. Chadema ilikwisha kutangaza kususia chaguzi hizo, na John Pallangyo wa CCM akatangazwa mbunge bila kupingwa. Hakuna kituo kilichofunguliwa, hakuna kura iliyohesabiwa.

Kwa mtafiti wa historia, 32,972 na 26,757 ni ushahidi. Unaweza kuupima, kuulinganisha na Igunga, kubishana nao. Kutoka 2019 tumebaki na tangazo tu. Atakayetaka kujua Wameru walifikiri nini juu ya ardhi yao mwaka huo itabidi apande mlimani awaulize wenyewe, kwa sababu sanduku la kura halikuwauliza.