Osibisa: Bendi Iliyoumbwa na Walioondoka

Chini ya jengo namba 33 la mtaa wa Wardour, Soho, katikati ya London, ndiko ilikokuwa klabu ya Flamingo. Miaka ya 1960 watu waliteremka ngazi zake usiku wa manane na kupanda kukicha: wanajeshi weusi wa Marekani waliopata ruhusa ya kutoka kambini, vijana wa Jamaika na Trinidad, Waingereza wenye suti za kubana na kiu ya muziki usiopigwa redioni. Katika bendi ya Georgie Fame, iliyotawala jukwaa hilo, aliyepiga tumba alikuwa Mghana, Speedy Acquaye. Oktoba 1962 wanaume wawili waligombania msichana humo, mmoja akachanwa uso kwa kisu, na yaliyofuata yakaja kufungua kashfa iliyomng'oa John Profumo katika Wizara ya Vita. Mwaka huohuo aliingia London kijana wa Kumasi mwenye saksafoni, Teddy Osei.

Jina lake halitajwi sana siku hizi. Jina la bendi aliyoiunda, Osibisa, bado linajulikana kwa watu wa umri fulani, kuanzia Accra hadi Dar es Salaam, hata kama wanachokumbuka ni wimbo mmoja wa harusini. Nimekuwa nikifuata nyayo za bendi hiyo katika mitaa ya jiji hili kwa sababu moja: historia yake husimuliwa kama habari ya mtu mmoja na wazo lake, wakati albamu zenyewe zinasema jambo jingine. Panga sahani zake kwa miaka, kisha angalia majina ya wapiga vyombo nyuma ya jalada. Kila sauti ilipogeuka, kuna mtu alikuwa ametoka.

Osei hakufika London akiwa mwanagenzi. Huko Kumasi alikuwa tayari kiongozi wa The Comets, bendi ya hailaifu iliyojulikana nchini, na baadaye serikali ya Kwame Nkrumah ilimpa ufadhili wa kusomea muziki Uingereza. Kisha serikali ikabadilika na masomo yakakatika. Akabaki kama walivyobaki Waafrika wengi wa kizazi chake, bila chuo na bila tikiti ya kurudi, akipiga popote palipolipa. Aliunda pia kikundi kilichoitwa Cat's Paw, kilichochanganya hailaifu na soul. Hakikufika mbali.

Kilichobadilisha mambo ni mwaka 1969. Julai 5 Rolling Stones walipiga bure katika bustani ya Hyde Park mbele ya bahari ya watu, na jukwaani pamoja nao walikuwapo wapiga ngoma wa Ginger Johnson, Mnigeria aliyeishi London kwa miaka mingi. Mwezi uliofuata, Woodstock, Santana waliwaonyesha Wamarekani kwamba gitaa la umeme na tumba vinaweza kukaa nyumba moja. Osei alikuwa akilijua hilo tangu Kumasi. Aliwaita London watu wawili aliowaamini: mpiga dramu Sol Amarfio, na mdogo wake, Mac Tontoh, mpiga tarumbeta aliyekuwa katika bendi ya Accra iliyojiita Uhuru. Waghana hao watatu ndio waliokuwa nguzo.

Nguzo peke yake si nyumba, na hapa ndipo simulizi za kawaida zinapopita haraka mno. Waliobaki katika safu ya kwanza hawakuwa Waghana. Gitaa na sehemu ya uimbaji vilikuwa vya Wendell Richardson kutoka Antigua. Kinanda, yaani ogani ya Hammond, kilikuwa cha Robert Bailey wa Trinidad. Besi ilikuwa ya Spartacus R wa Grenada. Saksafoni ya pili na ngoma alizishika Lasisi Amao, Mnigeria. Vijana wa visiwa vya Karibi walilelewa na London ya Jimi Hendrix. Gitaa lenye mkwaruzo kwao lilikuwa lugha ya mtaani. Waghana walileta pulizo za dansi, ngoma na kengele ya chuma. Hakuna aliyekuwa mgeni katika bendi hiyo, kwa sababu wote walikuwa wageni katika mji.

Sikiliza albamu ya kwanza, Osibisa, ya 1971, iliyotayarishwa na Tony Visconti, mtu yuleyule aliyekuwa akifanya kazi na David Bowie na T. Rex. Katika "Music for Gong Gong" pulizo zinaongea kama dansi ya Accra, kisha gitaa la Richardson linaingia na kuupasua wimbo katikati. Hawakubaliani kabisa, na hawaachani. Huu ndio uzuri wake. Mtu anayetafuta "rock ya Kiafrika" kama uji uliokorogwa vizuri hataipata hapa; kinachosikika ni pande mbili zinazovutana kamba, na kamba haikatiki. Albamu ilifika nafasi ya 11 Uingereza. Ya pili, Woyaya, ikafika nafasi ileile, na wimbo uliobeba jina lake ulivuka bahari hadi kwa Art Garfunkel, aliyeuimba katika albamu yake ya 1973.

Majalada ya albamu hizo mbili yalichorwa na Roger Dean, kabla hajawa maarufu kwa kazi zake za bendi ya Yes: tembo wenye mabawa ya wadudu, wakiruka juu ya nchi isiyo na jina. Ni michoro ya kuvutia, na bado inauzwa kama mabango. Mimi haijawahi kuniridhisha. Iliwauzia Waingereza Afrika ya ndotoni, mahali pasipo na mji wala watu, wakati muziki uliokuwa ndani ya jalada ulikuwa wa watu wa mjini kabisa, waliopanda mabasi ya London wakiwa na vyombo vyao mapajani.

Kisha wakaanza kuondoka. Spartacus alitoka kwanza, na katika albamu ya Heads ya 1972 besi tayari ilikuwa mikononi mwa Jean Mandengue, Mkameruni. Mwanzoni mwa 1973 Richardson alikwenda kupiga gitaa na Free, bendi ya Waingereza iliyokuwa ikivunjika, ambayo mpiga gitaa wake, Paul Kossoff, alikuwa ameelemewa na dawa za kulevya. Wengi hulitaja hili kama kituko cha pembeni. Kwangu mimi ndiyo sehemu nzito kuliko zote, maana inaonyesha kwamba mpiga gitaa wa bendi ya Kiafrika alihesabiwa na Waingereza wenyewe kuwa mmoja wa wapiga rock wa mji, anayeweza kushika nafasi ya Kossoff kwenye ziara ya Marekani. Osibisa ilipompoteza haikupoteza gitaa tu. Ilipoteza upande mmoja wa kamba.

Waliojaza nafasi hizo na zilizofuata walitoka kwingine: Gordon Hunte wa Guyana kwenye gitaa, Kofi Ayivor wa Ghana kwenye ngoma, Paul Golly wa Kamerun, na kijana wa Takoradi aliyejiunga akiwa bado hajafika miaka ishirini, Kiki Gyan, kwenye kinanda. Uzito wa bendi ukarudi bara. Muziki ukawa laini zaidi, wa kucheza zaidi, funk ikachukua nafasi ya mkwaruzo. Mwaka 1973 walitengeneza muziki wa filamu ya Marekani, Super Fly T.N.T.; mwaka uliofuata ikaja Osibirock, yenye wimbo uitwao "Kelele". Katika Welcome Home ya 1975 kuna mwingine uitwao "Uhuru". Hakukuwa na Mswahili katika bendi. Hiyo ilikuwa ni miaka ambayo maneno yetu yalivaliwa kama beji na kila aliyetaka kusema Afrika ni moja, kutoka Accra hadi Harlem.

Msomaji wa Dar es Salaam atauliza: ajabu iko wapi? Kwetu wanamuziki kuhama ni jadi. NUTA Jazz ya 1964 ikawa Juwata, ikawa OTTU, ikawa Msondo Ngoma. Waimbaji wakaingia na kutoka, wakavuka kwenda bendi ya Mlimani Park na kurudi, na mpenzi wa dansi bado anautambua Msondo akiwa nje ya ukumbi. Lakini aliyehama Msondo alikwenda bendi nyingine ya dansi, na aliyechukua nafasi yake alikulia katika muziki uleule. London haikuwa hivyo. Richardson alipotoka, hakukuwa na Richardson wa pili aliyekuwa akisubiri Ilala. Kila aliyeingia alikuja na nchi yake.

Mawimbi ya mchanganyiko huo wa rock na ngoma yalifika kwetu pia. Nairobi ilikuwa na Matata, kundi lililohamia London katika miaka hiyohiyo na kurekodi kwa lebo ya President. Dar es Salaam ilikuwa na Sunburst, vijana waliomfuata mwimbaji James Mpungo na kuchanganya rock, soul na midundo ya hapa, wakati ambapo serikali iliwatazama kwa mashaka wapenzi wa soul. Albamu yao, Ave Africa, waliirekodi Zambia mwaka 1976, ikasahauliwa, na ikatolewa upya na lebo ya Strut mwaka 2016 pamoja na rekodi zao nyingine. Nikiisikiliza baada ya Heads, nasikia ndugu wa tumbo moja waliolelewa miji tofauti. Sunburst hawakudumu. Osibisa walidumu, na kudumu kuna gharama yake.

Gharama hiyo inasikika katika wimbo uliowapa fedha. "Sunshine Day", uliotayarishwa na Gerry Bron na kutolewa na lebo yake ya Bronze, ulifika nafasi ya 17 Uingereza mwanzoni mwa 1976. Ni wimbo mzuri, na nimeucheza mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Hata hivyo hauna mvutano wowote. Kila chombo kinakubaliana na mwenzake, kila kitu kimepigwa pasi. Miezi michache baadaye "Dance the Body Music" uliishia nafasi ya 31, na tangu hapo orodha ya Waingereza ikawafunga mlango.

Ukivuka mto Thames kwa daraja la Waterloo unafika Royal Festival Hall, ukumbi wa 1951 uliojengwa kwa ajili ya okestra za kizungu. Humo Osibisa walirekodi Black Magic Night, albamu ya moja kwa moja ya 1977, mwaka ambao pia walipiga katika tamasha la FESTAC, Lagos. Kwa bendi ya wahamiaji hicho kilikuwa kilele cha heshima. Mwaka huohuo, ng'ambo ya pili ya mto katika mtaa wa Neal, klabu ya Roxy ilikuwa imejaa vijana wa panki waliodharau kila kitu kilichopigwa kwa ustadi na kudumu zaidi ya dakika tatu. Disko lilikuja upande wa pili. Osibisa walibanwa katikati: kwa panki walikuwa wazee, kwa disko walikuwa na ngoma nyingi mno. Kiki Gyan aliondoka kulifuata disko, akapata jina na fedha, kisha dawa za kulevya zikamla. Alifariki Accra mwaka 2004.

Mwaka 1980 bendi ilikuwa miongoni mwa waliosherehekea uhuru wa Zimbabwe. Mwaka 1983 walirekodiwa kwa video katika klabu ya Marquee, namba 90 ya mtaa wa Wardour, mwendo wa dakika chache tu kutoka pale ilipokuwa Flamingo. Katika video hiyo Osei, Mac Tontoh na Amarfio wapo, na walio pembeni yao wengi ni wageni kwa aliyezoea safu ya 1971. Wanapiga kwa nguvu. Hadhira inacheza. Lakini ni onyesho la bendi inayojua watu wamekuja kusikia nini, na inawapa hicho.

Miaka iliyofuata waanzilishi waligeukia nyumbani, wakajishughulisha na kusaidia wanamuziki vijana wa Ghana, na jina likawa linapumzika na kuamka. Mac Tontoh alifariki 2010, Sol Amarfio 2022, Teddy Osei Januari 2025. New Dawn ilitoka 2021, miaka hamsini kamili baada ya albamu ya kwanza, na miongoni mwa waliolibeba jina katika kipindi hicho cha mwisho alikuwa Robert Bailey, yule Mtrinidadi wa ogani, aliyekuwa ametoka katika miaka ya 1970 na kurejea. Richardson naye alirejea kwa vipindi. Upande wa visiwa, ule uliohesabiwa kuwa wa kukodiwa, ndio uliobaki na funguo.

Anayetaka kusikia mahali hasa pa kugeuka asianze na "Sunshine Day". Atafute Heads. Jalada lake ni la Mati Klarwein, mchoraji wa Abraxas ya Santana, na ndani yake Mandengue ameshaingia na Richardson bado hajatoka. Besi inavutia Kamerun, gitaa linavutia London, na Amarfio nyuma anapiga kama mtu ambaye hajaambiwa kwamba mmoja wao atafunga mizigo mwaka ukigeuka.