Kutoka Wamoshi hadi "Watu wa Moshi": Majina ya Wenyeji katika Miteremko ya Kilimanjaro

Swali "Wewe ni mtu wa wapi?" likiulizwa Dar es Salaam, jibu "wa Moshi" humtosheleza aliyeuliza. Aliyeuliza akiwa mwenyeji wa Kilimanjaro, jibu hilohilo huzaa swali la pili: "Moshi ya wapi?" Hapo ndipo hutajwa Kibosho, Machame, Marangu au Rombo. Maswali haya mawili yamebeba historia ya majina ambayo mipaka yake imebadilika sana. "Moshi" lilikuwa jina la umangi mmoja tu; "Mchaga" lilikuwa jina la mlima mzima katika vinywa vya wageni.

Johannes Rebmann alipoondoka pwani mwaka 1848, akiongozwa na Bwana Kheri, mzoefu wa misafara ya bara, tayari alikuwa na jina la nchi aliyoiendea: Jagga. Lilikuwa jina la msafara, la watu waliohitaji neno moja kwa masoko mengi. Alikofika, hata hivyo, ni Kilema kwa Mangi Masaki, na katika safari iliyofuata, Machame kwa Mangi Mamkinga. Wenyeji walijulikana kwa umangi wao: Wakilema, Wamachame, Wakibosho, Wamarangu, Wamoshi (au Wamochi, kwa matamshi ya wenyewe, na lugha yao Kimochi). Tofauti hizi hazikuwa za matamshi pekee. Mwaka 1891, Wajerumani walipomshambulia Sina wa Kibosho, Wamoshi walikuwa upande wa Wajerumani. Kuandika kwamba "Wachaga" walipigana na Wajerumani mwaka huo ni kutumia nomino ambayo bado haikuwa na mwenyewe.

Maandishi ya kitaalamu yaliipa nomino hiyo uzito kabla ya siasa kufanya hivyo. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyeishi miaka mingi Kidia, Old Moshi, aliita kitabu chake cha 1926 kuwa ni cha sheria ya "Dschagga", ingawa sehemu kubwa ya aliyoyajua aliyapata kwa wazee wa Moshi. Kwa namna hii mila za umangi mmoja zilisomwa kuwa mila za mlima wote. Tahajia nazo zilitangatanga: Jagga, Dschagga, Djaga, Chagga. Konsonanti mbili za "Mchagga", zisizo na kazi katika fonolojia ya Kiswahili, ni masalia ya tahajia hizo.

Wenyeji walilipokea jina taratibu. Chama cha wakulima wa kahawa cha 1925 kilijiita kwa jina la mlima, na chama cha ushirika cha KNCU kilichokirithi kilifanya vivyo hivyo. Ni katika Kilimanjaro Chagga Citizens Union ya 1949 ndipo jina la watu lilipokuwa hoja ya kisiasa, na Thomas Marealle alipotawazwa Mangi Mkuu mwaka 1952, jina la kupewa lilikuwa limegeuka dai. Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 1946, serikali ya Waingereza ilikuwa imezikusanya tawala katika maeneo matatu: Hai, Vunjo na Rombo. "Mrombo" na "Mvunjo" yamestawi. "Mhai" ni nadra kusikika. Rombo ilikuwa na tawala ndogo nyingi zilizonufaika na jina la pamoja, ilhali upande wa Hai hakuna Mmachame aliyehitaji jina jingine.

Jina Moshi lenyewe liliteremka mlimani. Reli kutoka Tanga ilipofika mwaka 1911, kituo kilijengwa tambarare, chini ya umangi uliokuwa wa Rindi na mwanawe Meli, na mji uliokua hapo ukachukua jina la ukingo ulio juu yake. Mji huo ulikaliwa na Wapare, Wahindi, Waswahili na wengineo, lakini haukuzaa nomino yake. Pwani, miji ilizaa majina ya ngeli ya A-WA bila taabu: Waamu, Wapate, Wasiu. Moshi mpya ilibaki na "mkazi wa Moshi". Arusha inaonyesha jambo hilohilo kwa uwazi zaidi: Mwarusha ni mtu wa jamii ya Waarusha, si kila aliyezaliwa mjini Arusha. Katika miji hii ya bara, kiambishi m-/wa- kinadai nasaba na ardhi. Kihusishi "wa" kinadai uhusiano tu.

Uhusiano huo ndio uliohitajika baada ya uhuru. Mamlaka ya machifu yalifutwa, na baada ya sensa ya 1967 dodoso za taifa ziliacha kuuliza kabila. "Wa Moshi" likawa jibu la adabu, lenye kutaja mahali na kudokeza kabila. Leo mtu wa Tarakea, wilayani Rombo, kwa mabasi ya Desemba "anakwenda Moshi", japo kwao ni mbali na mji huo. Wamoshi wenyewe wakijitaja hulazimika kuongeza kivumishi cha Kiingereza, na hata kata zao zimeandikwa hivyo katika orodha za serikali: Old Moshi Mashariki na Old Moshi Magharibi. Kata jirani inaitwa Kimochi.