Jengo la Jumuiya lililobaki bila Jumuiya

Wadau, sisi tuliokulia Moro tumezoea kuinua shingo kuangalia Uluguru, siyo maghorofa. Ndiyo maana nilipanda basi, Chalinze, Segera, Same, Moshi mpaka Arusha, kuliona jengo ambalo babu haachi kulitaja. Babu alikuwa mtu wa reli, stesheni ya Morogoro, enzi reli ikiwa ya Afrika Mashariki nzima. Makao makuu ya reli yalikuwa Nairobi, bandari Dar, posta Kampala. Wakubwa wa Jumuiya yenyewe walikaa Arusha.

AICC ni majengo matatu yaliyoshikana: Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Yalijengwa miaka ya 1970 yawe makao makuu ya Jumuiya iliyozaliwa 1967. Balaa ni kwamba jengo likipanda, wenyewe wanagombana. Idi Amin alipopindua serikali Uganda mwaka 1971, Mwalimu alikataa kukaa naye meza moja. Na Wakenya tukawa tunarushiana vijembe vya ujamaa na ubepari. Februari 1977 tukafunga mpaka wetu na Kenya, na katikati ya mwaka huo bajeti ya Jumuiya haikupita. Kwisha habari! Babu anasema aliamka mtumishi wa shirika jipya, stesheni ileile, filimbi ileile.

Mwaka 1978 serikali ikaunda AICC, jengo likawa la mikutano na kupangisha ofisi. Mpangaji aliyelipa jina duniani alikuja na msiba. Agosti 1993 Wanyarwanda walisaini mkataba wa amani Arusha. Miezi minane baadaye mauaji ya kimbari yakaanza. Mwaka 1995 Umoja wa Mataifa ukaamua mahakama ikae mji huohuo, nayo ikapanga AICC. Humo, tarehe 2 Septemba 1998, Jean-Paul Akayesu, meya wa zamani wa Taba, alitiwa hatiani: hukumu ya kwanza ya kimbari kutolewa na mahakama ya kimataifa. Mahakama ilifungwa mwishoni mwa 2015.

Halafu kichekesho. Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba wa Novemba 1999, ikarudi Arusha na kupanga AICC, kama mtoto anayelipa kodi kwenye nyumba aliyojengewa na baba yake! Ilihamia jengo lake jipya 2012.

Getini mlinzi aliniuliza nimekuja kumwona nani. Nikamwambia nimekuja kuliangalia jengo tu. Akacheka, akanisogezea daftari nisaini.