Vijiti vya mtandao vimejaa, bando lipo, mbona intaneti inazunguka tu?

Ukifungua redio ukiwa Kayanga au Nkwenda, sauti unayopata haipungui kwa sababu jirani yako naye amefungua redio yake. Wasikilizaji wawe kumi au laki moja, mtambo unarusha matangazo yale yale kwa wote kwa wakati mmoja. Simu haiko hivyo. Kila anayeangalia video au kutuma picha anahitaji kipande chake mwenyewe cha mawasiliano kutoka kwenye mnara, na vipande hivyo vina idadi. Vikigombaniwa na wengi, kila mmoja anapata kidogo.

Makala haya yanaeleza jinsi mnara unavyogawa vipande hivyo, na unachoweza kufanya ili bando lako lisiishe muda bila kukufaa.

Masafa yanatoka wapi?

Simu na mnara huwasiliana kwa mawimbi ya redio. Kila kampuni ya simu hupewa masafa yake, kama kila kituo cha redio kinavyopewa namba yake ya FM ili visiingiliane. Hapa Tanzania anayeyagawa ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Oktoba 2022 mamlaka hiyo ilipiga mnada masafa ya megahezi 700, 2300, 2600 na 3500.

Masafa ya chini, kama 700, hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, kwa hiyo yanafaa vijijini ambako nyumba zimetawanyika migombani. Masafa ya juu yana nafasi pana na hubeba mzigo mkubwa, lakini hayafiki mbali. Kampuni haiwezi kujiongezea masafa inavyotaka. Inatumia yale iliyopewa.

Mnara unagawaje?

Tuchukue mtandao wa 4G wenye upana wa megahezi 10. Upana huo hukatwa vipande 50. Kisha, mara 1,000 katika kila sekunde moja, mtambo wa mnara huamua upya ni simu ipi ipate vipande vingapi. Unaangalia nani ana data inayosubiri, nani anashika mtandao vizuri kwa wakati huo, na nani amekaa muda mrefu bila kupewa. Mnara mmoja mara nyingi huwa na pande tatu, na watu wote walio upande mmoja wanagawana vipande vile vile.

Tuseme upande mmoja una uwezo wa megabiti 30 kwa sekunde. Mtu mmoja akiutumia peke yake alfajiri, anapata kasi kubwa. Wakiwa watu 30 kwa pamoja, wastani ni megabiti 1 kwa kila mmoja. Siku ya mnada au gulio wakifika 150, kila mmoja anabaki na sehemu ya tano ya megabiti, na hapo hata picha inasuasua. Mnara haujaharibika. Umezidiwa.

Vijiti havihesabu watu

Vijiti vya kwenye simu vinaonyesha nguvu ya mawimbi yanayokufikia. Havionyeshi mko wangapi kwenye foleni. Ndiyo sababu unaweza kusimama karibu kabisa na mnara, vijiti vyote vimejaa, na intaneti isiende.

Hata hivyo, mawimbi hafifu nayo yana gharama yake. Fikiria bomba moja la kijiji lenye foleni ya madumu. Mwenye dumu la mdomo mpana anajaza haraka na kuondoka. Mwenye mdomo mwembamba anashikilia bomba muda mrefu kwa maji yale yale. Simu iliyo karibu na mnara inaweza kubebeshwa taarifa mara tatu zaidi, katika kipande kile kile, kuliko simu iliyo bondeni nyuma ya mlima. Katika nchi ya vilima kama Karagwe na Kyerwa, aliye bondeni anapata kasi ndogo, na pia anatumia vipande vingi zaidi vya wenzake.

Kwa 3G kuna jambo la ziada: watumiaji wakiongezeka, eneo ambalo mnara unalihudumia vizuri hupungua. Aliye pembeni anaweza kupoteza mtandao jioni ingawa asubuhi aliupata.

Bando linanunua nini?

Bando la GB 1 linakupa kiasi cha data, kwa muda uliowekwa. Halikununulii nafasi ya mbele kwenye foleni. Ukinunua la saa 24 na muda wako wa kulitumia ni saa mbili usiku tu, wakati kila mtu yuko mtandaoni, linaweza kuisha muda kabla hujalimaliza.

Ufanye nini?

• Pakua video, masomo na programu alfajiri au usiku wa manane. Zima programu kujisasisha zenyewe na WhatsApp kupakua video yenyewe.

• Toka nje ya nyumba ya bati au panda juu kidogo. Mawimbi yakiwa mazuri, kipande kile kile kinabeba zaidi.

• Kama huna haraka ya video, tuma sauti au maandishi. Hayo huhitaji nafasi ndogo sana.

• Kwa malipo, tumia menyu ya nyota, kama *150*00# ya M-Pesa au *150*60# ya Airtel Money. Menyu hizi hazitumii bando wala hazipiti kwenye foleni ya intaneti, kwa hiyo mara nyingi zinafanya kazi hata programu ya simu ikigoma.

• Muamala ukikwama, usirudie papo hapo. Angalia salio na ujumbe kwanza, usije ukalipa mara mbili.

Dawa ya kudumu

Dawa ni masafa zaidi, minara zaidi, na njia pana ya kuunganisha mnara na mkongo wa taifa, kwa sababu njia hiyo nayo ni ya kugawana. Mei 2023 Serikali, kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF), ilisaini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini.

Kama kijiji chenu kinasumbuka kila siku, andikeni tarehe, saa, mahali, jina la mtandao, na kama simu ilionyesha 4G, 3G au E. Mkiona tatizo linakuja saa zile zile za watu wengi, huo ni msongamano. Likiwapo hata alfajiri, huenda mnara una hitilafu au mko mbali nao. Pelekeni maelezo hayo kwa kampuni ya simu kwanza. Msiporidhika na jibu, yapelekeni TCRA, ambayo ofisi yake ya Kanda ya Ziwa iko Mwanza. Lalamiko lenye saa na mahali ni rahisi kulifuatilia kuliko kusema tu kwamba mtandao ni mbovu.