Molasi ya Asubuhi, Molasi ya Mchana

Julai 2005, kidato cha tatu, shule ya kutwa huku Kwanza, karibu na mpaka wa Uganda. Maabara tulikuwa nayo, ila ilikaa na kufuli. Ukichungulia dirishani ungeiona chupa ya gliserini kwenye rafu, imehifadhiwa ati kwa ajili ya KCSE. Mada ilikuwa mnato. Kwa wengi wetu mnato lilikuwa neno la magazetini, kama kwenye "picha mnato".

Mwalimu wa fizikia akaja na mtungi wa molasi. Kila mtu aliyekulia huku anaijua: inatoka viwanda vya sukari upande wa Bungoma, Nzoia na kwingineko, na wafugaji wanawachanganyia ng'ombe kwenye nyasi kavu. Alikuwa pia na chupa ya soda ya plastiki iliyokatwa kitako, kifuniko chake kimetobolewa kwa msumari. Unaigeuza, unaziba tundu kwa kidole, unajaza, unaachilia, unahesabu muda hadi nusu glasi ijae. Basi.

Maji yalichukua kama sekunde tano. Mafuta ya kupikia yakachelewa kidogo tu. Molasi ikachukua dakika nne na zaidi, darasa zima likiitazama ikining'inia kama uzi mweusi.

Shida ilianza wakati wa chakula. Sisi wa Mashariki tulifanya jaribio saa mbili asubuhi. Wenzetu wa Magharibi walifanya saa nane mchana, kwa chupa ileile, wakapata dakika mbili. Tukawaambia wamepanua tundu. Wakatuambia hatujui kusoma saa. Kuna mtu aliweka dau la chapati mbili, na enyewe kwa shule yetu hilo halikuwa jambo dogo.

Mwalimu hakuamua kesi. Alituambia kesho yake tuje na molasi ya mtungi mmoja, nusu ilale nje, nusu ikae kando ya jiko la shule. Ukanda huu wa Kitale uko juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na Julai asubuhi unavaa sweta mbili. Ile ya nje ikavuta dakika tano. Ya jikoni haikufika mbili. Kumbe hakuna aliyekosea. Joto likipanda, mnato unashuka, na kwa molasi au asali unashuka vibaya sana.

Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba daktari mmoja Mfaransa, Jean Poiseuille, alifanya kitu cha ukoo huohuo mnamo miaka ya 1840. Alitaka kuelewa jinsi damu inavyopita kwenye mishipa myembamba, akapitisha maji kwenye vijineli vya kioo na kupima. Naye alikuta joto linabadilisha majibu. Kizio kimoja cha mnato, poizi, kimetokana na jina lake.

Mwalimu wetu hakuokota wazo lile barabarani. Mwaka 1998 Kenya na Japani, kupitia JICA, zilianzisha mradi wa SMASSE wa kuwanoa walimu wa hisabati na sayansi wa sekondari. Ulianza na wilaya tisa za majaribio, zikiwemo Kakamega na Lugari, majirani zetu kabisa, kisha kuanzia 2003 ukasambazwa nchi nzima. Falsafa yake ilikuwa nyepesi kuitamka: mwanafunzi afanye mwenyewe, na kifaa kikikosekana kibuniwe. Wapo waliouita sayansi ya maskini. Naelewa hasira yao, kwa sababu msumari na chupa havipaswi kuwa kisingizio cha kutojenga maabara. Lakini kufuli nayo si maabara.

Tena halikuwa wazo geni. Miaka ya 1960 Mpango wa Sayansi kwa Shule za Msingi Afrika, ambao Kenya ilishiriki, ulikuwa ukiwataka watoto wachunguze mchanga, wadudu, wino na karatasi. Na jirani Tanganyika, mwaka 1963, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba, aliona maziwa yake ya moto ya kutengenezea aiskrimu yakiganda kabla ya yale yaliyopoa. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza Profesa Denis Osborne swali hilohilo, wenzake wakamcheka. Osborne akaenda kulipima. Mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja, na wanasayansi wanabishana juu yake mpaka leo.

Nikimfikiria Mpemba, huwa nakumbuka ule ugomvi wetu wa chapati. Kama mwalimu angesema tu, "Magharibi mmekosea, rudieni," tungeandika dakika nne daftarini, yakaisha.

Chapati hazikulipwa, maana hapakuwa na mshindi. Nilipomaliza kidato cha nne mwaka uliofuata, nilichungulia tena lile dirisha. Gliserini ilikuwa palepale, kifuniko hakijafunguliwa.