Uti Si Ugwe

Sindano ya mgongo inaogopwa vijijini. Mama wa Junju anayepelekwa Hospitali ya Kaunti mjini Kilifi kujifungua kwa upasuaji huuliza kwanza kama hatapooza. Ana haki ya kuuliza, na lawama naiweka kwetu tunaoeleza mwili kwa Kiswahili: tumelibebesha jina moja, uti wa mgongo, vitu vitatu: mfupa, ugwe na utando.

Uti ni mfupa. Umejengwa kwa pingili 33, na hakuna istilahi iliyo bora kuliko hiyo, kwani kila aliyemenya muwa anajua pingili ni ipi na fundo li wapi. Shingoni ziko 7, kifuani 12, kiunoni 5. Zilizobaki zimeungana hadi kwenye kifandugu. Katika mfereji wa pingili hizo mnapita ugwe, yaani kamba ya mishipa ya fahamu inayoteremka kutoka ubongoni. Ugwe nao umezingirwa na maji yaliyofungwa ndani ya utando. Ile homa ya uti wa mgongo, ambayo watafiti wa KEMRI na Wellcome hapo Kilifi wameichunguza kwa watoto miaka mingi, ni homa ya utando. Mfupa haumo.

Sasa lililo muhimu kwa mama yule: ugwe haufiki chini. Kwa mtu mzima huishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Mtaalamu wa ganzi humketisha, humwinamisha, huweka viganja juu ya mifupa ya nyonga, na vidole gumba vikikutana mgongoni huwa karibu na pingili ya nne. Juu au chini kidogo ya hapo sindano hupenya kati ya pingili na kutoboa utando. Tone la maji maangavu likichomoza nyuma ya sindano, dawa huingizwa, mililita 2 hivi. Mishipa ya fahamu itokayo kwenye ugwe huelea majini na huipisha sindano. Daktari August Bier aliijaribu njia hii Kiel, Ujerumani, mwaka 1898.

Wala ganzi si nusukaputi. Nusukaputi humlaza mtu. Ganzi humwacha macho, akamsikia mwanawe akilia.

Ndugu wauguzi na madaktari, msimwambie mzazi atachomwa uti. Mwambieni: "Mama, sindano itapita kati ya pingili, chini ya pale ugwe unapoishia. Miguu itakuwa mizito saa chache, kisha nguvu zitarudi. Madhara ya kudumu ni nadra sana."